Guu limepumzika

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Tanga, nina miaka 34, na naandika mashairi tangu nikiwa kidato cha pili. Mama yangu, aliyekuwa fundi cherehani, alifariki mwaka juzi. Baada ya hapo mashairi yaligoma kabisa. Nikaanza kuchora kwa penseli, kisha nikajiunga na kikundi cha ngoma mtaani. Mwaka mzima sasa nachanganya: nachora, naandika, napiga ngoma. Wenzangu wa chama cha washairi wananiambia nimepotea, mshika mbili moja humponyoka, nami nimeshika tatu. Kuna siku nahisi nimekua, kuna siku nahisi naikimbia karatasi tu. Nitajuaje? Nimeambatisha beti mbili na picha za michoro mitatu."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Nilisoma beti zako kwanza, michoro nikaiacha kwa makusudi. Ubeti wa kwanza unafungua hivi: "Mama yangu ana huzuni, cherehani aishika." Nikasema haya, mama ana huzuni, nimekuelewa, tuendelee. Ndipo nikafungua mchoro wa pili.

Uso wa mama hukuuweza. Umeufuta kwa raba mpaka karatasi imechubuka, na macho yake bado yanatazama pande mbili tofauti. Usione haya, mimi nikichora mtu wajukuu wangu huuliza ni mbuzi gani. Lakini chini ya uso ule kuna vitu viwili umevichora kama mtu aliyevitazama miaka ishirini. Uzi umeubana katikati ya midomo yake, ncha moja inaning'inia. Na mguu wa kulia uko juu ya pedali ya cherehani, kisigino kimeshuka, vidole vimelegea. Haukanyagi.

Nikaweka simu mezani. Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye cherehani ya kukanyaga anajua kwamba chombo kile hakinyamazi. Mlio wake ndio unaokuamsha, na ndio unaokuambia mama yuko wapi. Wewe umechora dakika ambayo kimenyamaza na mwenyewe bado amekaa pale pale, uzi mdomoni. Shairi liliniambia mama ana huzuni na sikuhuzunika. Mchoro haukuniambia chochote, na nilisimama kumtazama.

Kwa hiyo, katika mchoro huo wa pili angalau, hukuwa unakimbia karatasi. Ulikuwa umeikaribia kuliko shairi lenyewe.

Sasa turudi kwenye ule mshororo, kwa sababu una ugonjwa ambao penseli haiwezi kuutibu. Usiusome, ughani. Chukua mahadhi yoyote mnayotumia chamani kwenu, funga mlango, utoe kwa sauti. Ukifika "ana huzuni" utajikuta unakimbiza mizani moja, kama mtu anayeingiza mguu wa tisa kwenye viatu vya watu wanne. Hesabu: ma-ma-ya-ngu-a-na-hu-zu-ni. Tisa. Utao wake, yaani kipande cha pili cha mshororo, uko sawasawa, nane kamili. Wewe ni mwalimu, unawafundisha watoto kila mwaka kwamba tarbia ya kawaida ina mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, na bado umeandika shairi guni, lenye kasoro ya mizani, bila kuliona. Jicho lina huruma, linatoa nafasi kwa kila neno. Koo halina.

Na angalia guni limekaa wapi. Limekaa kwenye "huzuni", neno lile lile ambalo mchoro haukulihitaji. Sidhani ni bahati mbaya. Kwa miaka yangu ya kusahihisha mashairi ya watu nimeona mara nyingi kwamba mizani inayozidi inakaa karibu na neno ambalo mshairi amelichukua dukani likiwa tayari limeshonwa.

Nimejaribu kukushonea mshororo mwingine kwa kitambaa chako mwenyewe:

"Uzi umo mdomoni, guu limepumzika."

Nane na nane. Kina cha kati -ni, cha mwisho -ka, kama ulivyoanza. Nimesema "guu" kwa sababu "mguu umepumzika" inaleta tisa, na washairi wa pwani wameruhusiana inkisari, yaani kulifupisha neno, tangu zamani. Huzuni haimo, lakini atakayesikia ataipata mwenyewe. Mshororo huo ni wako, sikuongeza kitu ambacho hukukichora. Ulikuwa nao kwenye penseli, ila haukuwa umevuka kuja kwenye kalamu.

Hilo ndilo ningependa ulichukue katika barua yangu hata ukisahau mengine. Kila sanaa ina uvivu inaouruhusu. Maneno yanakuruhusu kusema "huzuni" bila kujua huzuni hiyo ilikaaje kitini. Penseli haina neno huzuni. Inakuuliza mguu uko wapi, na usipojua huwezi kuendelea. Sauti nayo haijali ulikusudia nini, inauliza pumzi itaishia wapi. Unakua pale ambapo sanaa ya pili inakataa kitu ambacho ya kwanza ilikubali, nawe ukarudi kurekebisha. Usiporudi, umebadilisha starehe tu.

Kuhusu wenzako wa chama. Methali yao ni nzuri, wameishika mahali pabaya. Mshika mbili ni aliyeshika vitu viwili vinavyovutana. Nani amewaambia kuwa shairi na sauti, shairi na picha, shairi na kitambaa vinavutana? Aliyetenganisha ni ratiba ya vipindi: huku fasihi andishi, kule fasihi simulizi, sanaa za maonyesho Ijumaa jioni kama mvua haikunyesha. Shairi la pwani yetu lilikuwa la kughaniwa kabla halijawa la kusomwa kimya. Hata ngonjera wanazokariri wanafunzi wako mbele ya mgeni rasmi, zile za mtu wa kwanza kubisha na wa pili kumjibu, mshairi Mathias Mnyampala alizipa sura tunayoijua leo akijua fika kwamba zitasimama jukwaani kwa miili ya watu, si kulala kitabuni. Alifariki 1969, na shule bado zinazitumia.

Na wewe ni mtu wa Tanga, mji wa Shaaban Robert. Huyo alikuwa mshairi, mwandishi wa insha na wa hadithi, na alikaa chini akaandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla hajawa Siti alikuwa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huwa napenda kufikiri kwamba zile pumzi ndefu alizianza njiani, na mzigo kichwani, muda mrefu kabla ya mtu kumpa fidla nyuma yake. Siwezi kulithibitisha hilo. Lakini sijasikia mtu akimwambia Siti kwamba vyungu vilimpotezea muda.

Nikuambie na langu, maana nisijifanye nimezaliwa najua haya. Zamani niliandika tamthilia kuhusu mwanamke anayesubiri mume aliyesafiri. Katika onyesho la tatu nilimpa uzungumzi nafsia, maneno ya kujisemea peke yake, wa ukurasa mmoja na nusu, kazi yangu niliyoionea fahari kuliko zote. Siku ya mazoezi mwigizaji alikuwa na ungo mkononi, tulikuwa tumempa mchele halisi ili mikono yake isikae bure. Akaanza maneno yangu, akasahau katikati. Hakusimama. Akaendelea kupeta, kimya, anarusha na kupokea, anatoa chuya moja moja na kuziweka kando. Watu waliokuwa wakipiga soga nyuma ya ukumbi wakanyamaza. Mwongozaji akanigeukia akasema, "Tunaukata huu ukurasa."

Niliondoka bila kuaga. Nilikaa wiki mbili siendi mazoezini, nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mtu yule hajui fasihi. Nilichokuwa nakilinda si tamthilia, ni ukurasa wangu. Nilipokwenda kuliona onyesho lenyewe, nikakaa safu ya mwisho kama mdaiwa, mwanamke yule alipeta mchele kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima, na mama mmoja mbele yangu akavuta kanga akafuta macho. Sikuandika vizuri zaidi kesho yake. Lakini tangu siku hiyo, kila nikiandika mtu anasema jambo zito, najiuliza ana nini mkononi.

Haya, sasa upande wa pili, kwa sababu uliniuliza kwa haki na hofu yako ina msingi. Kuna kuchanganya ambako ni kukimbia kweli, na mchoro wako wa kwanza unaonyesha. Ule wenye ua la waridi na mshumaa, na beti ya pili umeinakili chini yake kwa mwandiko wa mapambo. Pale mchoro unarudia kilichokwisha kusemwa na shairi, na shairi linarudia kilichosemwa na kadi za rambirambi. Hakuna aliyemkatalia mwenzake kitu. Ni pambo juu ya pambo, na nadhani ulilichora ukijua litawekwa kwenye status. Sikulaumu, watu walikupa pole na ulizihitaji. Ila ukiniuliza kama hapo ulikua, hapana.

Dalili nyingine ni saa. Jiangalie unapohama. Ukiwa umekaa na ubeti, ukafika penye ugumu, mkono ukaenda kwenye penseli: je, unachora kitu kile kile kilichokugomea, au unachora mnazi? Ukichora kile kile, hujaondoka, umezunguka nyumba unatafuta mlango mwingine. Ukichora mnazi, rudi ukae.

Ngoma sina la kusema sana. Hujaniambia unapiga nini wala mnacheza wapi, na katika barua yako nzima ndipo pekee ulipoandika bila kujitetea. Labda ngoma ni furaha tu, jasho na watu baada ya mwaka wa kukaa peke yako na raba. Usiifanye ilete shairi.

Sasa swali lako lenyewe: utajuaje? Si kwa kuhisi. Siku unayohisi umekua huenda ulilala vizuri tu. Tafuta ushahidi wa maandishi, na uutafute ukiwa umepoa.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine waliandika jambo lililowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka pale na majonzi zaidi kuliko walivyoingia, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko wenzao. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa faida hiyo ipo ila ni ndogo, si muujiza. Kilichonivutia mimi ni kitu Pennebaker na wenzake walichokiona baadaye walipohesabu maneno yenyewe: waliofaidika zaidi ni wale ambao, kadiri siku zilivyokwenda, waliongeza maneno ya kutafuta sababu na ya kutambua jambo. Hadithi yao siku ya nne haikuwa ile ya siku ya kwanza.

Wao walihesabu kwa Kiingereza. Sisi tuna neno moja linalofanya kazi hiyo peke yake, nalo ni "kumbe". Mtu hasemi kumbe kwa jambo alilokuwa analijua. Kwa hiyo chukua daftari moja kubwa, la kurasa zisizo na mistari kama utalipata. Ukurasa wa kushoto chora, wa kulia andika, tarehe juu. Usifanye usafi. Usiku huo huo, chini kabisa ya ukurasa wa kulia, andika sentensi moja inayoanza na kumbe, ila kama ipo tu. Siku nyingi haitakuwepo. Acha wazi, usibuni, maana kumbe ya kubuni hujulikana, inakuwa na sauti ya mahubiri. Daftari hilo lifunge miezi mitatu bila kulisoma. Ukilifungua usitazame kama michoro imekuwa mizuri au vina vimekaa. Soma zile kumbe peke yake, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kama ya mwisho inasema kitu ambacho wewe wa siku ya kwanza usingekielewa, basi una jibu lako na hunihitaji mimi wala chama.

Neno moja kabla sijasahau. Ukiona kuandika au kuchora kunakufungulia mlango usiofungika, hulali, huli, unashindwa kuingia darasani, weka daftari kando uzungumze na mtu, awe ndugu, awe shehe au padri, awe daktari. Daftari linaweza kungoja.

Kuna zoezi jingine, na hili nakupa wewe peke yako kwa sababu mama alikuwa fundi. Bila shaka amepinda kanga nyingi kuliko tutakazovaa wewe na mimi. Unajua doti inavyokuja: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina limekaa pale chini, maneno machache ndani ya kijisanduku. Ufundi wa jina la kanga si ufupi wake tu, ni kwamba lina mtu. Mwanamke hanunui jina, ananunua mtu wa kumwambia: jirani, wifi, mume, mke mwenzake. Anapita uani kimya, na aliyekusudiwa anasoma. Na asiyekusudiwa naye anasoma, ndiyo raha yake.

Chukua shairi lako lote la beti mbili, uliandikie jina la kanga. Maneno sita, saba. Utahangaika, na utakapohangaika utagundua kwamba tatizo si kukata maneno. Tatizo ni kwamba hujui unamwambia nani. Beti zako kama zilivyo zinasema na waombolezaji, watu walioketi mkekani wakikuambia jipe moyo. Hao walishaondoka, mwanangu, mwaka juzi. Kanga itakulazimisha uchague. Unamwambia mama? Unamwambia baba, ambaye hujamtaja mahali popote, nami siulizi? Unamwambia kijana wa kidato cha pili aliyekuwa anaandika mashairi ya mapenzi huku cherehani ikilia chumba cha pili? Chora kanga hiyo nzima, pindo na mji na vyote. Fundi yeyote wa Tanga atakuambia pindo baya linaharibu jina zuri.

Ukimaliza hilo, rudi kwenye mchoro wako wa tatu, ambao sijausema mpaka sasa. Ni chumba kile kile, cherehani imefunikwa kitambaa, hakuna mtu. Umeuita "Baada". Nimeukuza kwenye simu mpaka picha ikaanza kuvunjika. Kwenye kona ya chini kulia, mlangoni, umechora kandambili. Si za mama, ni ndogo, za mtoto wa miaka sita au saba, na moja imelala chini juu kama mtu aliyevua akikimbia kuingia ndani. Kila kitu kingine kwenye karatasi ile umekifuta na kukirudia. Hizo hukuzifuta hata mara moja.

Hakuna ubeti wako hata mmoja wenye kandambili. Anza hapo.